Mitumba wakati mwili unapungua baada ya upasuaji: saizi gani, ngapi, na fundi abane nini?

Neema_Tabata
Wakuu habari za jioni, na shikamooni wenye shikamoo zenu. Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, naingia mwezi wa pili. Nilikuwa navaa 22 za Uingereza, sasa 20 inanining'inia kiunoni lakini mapajani bado inabana. Dera ofisini haliruhusiwi, na nguo ya dukani naona ni hasara, ya leo mwezi ujao haitanikaa. Nataka nishuke soko la mitumba la Karume. Ninunue saizi gani, ngapi kwa mkupuo, na ipi ni ya kumpelekea fundi abane? Pale hakuna chumba cha kujaribia, nawaza nitajuaje kama inanikaa.

Mzee_wa_Belo
Dada Neema, pole na upasuaji. Anza kwa kuisahau namba ya lebo. Belo moja linachanganya nguo za nchi kadhaa, na kila nchi ina namba zake: 18 ya Uingereza ni 14 ya Marekani, 44 ya Ujerumani, 46 ya Ufaransa na 50 ya Italia. Hata ndani ya nchi moja viwanda havilingani, na nguo ya zamani yenye namba ileile mara nyingi ni ndogo kuliko ya miaka hii. Ukichagua kwa lebo utarudi nyumbani na mzigo wa kugawa.

Njoo na futi kamba ya fundi. Asubuhi kabla hujatoka jipime kifua, kiuno usawa wa kitovu, nyonga mahali palipo panene zaidi, paja na mkono wa juu. Andika kwa inchi kwenye simu, na urudie kila baada ya wiki 2, kwa sababu mwili haupungui sawasawa. Vipimo vya mwezi uliopita havikufai kitu.

Mezani kwa muuzaji: funga zipu na vifungo, laza nguo ikae flati bila kuivuta, pima upana, zidisha mara 2. Kitambaa kisichovutika kiwe kimezidi mwili wako inchi 1 kiunoni, 2 hadi 3 nyonga, 3 hadi 4 kifuani. Kinachovutika kinaweza kulingana na mwili kabisa. Kwenye suruali pima na paja, hapo chini kidogo ya mshono wa katikati ya miguu, maana ndipo inapokukwamia wewe. Pima pia kutoka mshono huo hadi ukingo wa juu wa mbele. Tumbo lililobaki na ngozi iliyolegea linahitaji suruali ndefu kwa juu; fupi itakata katikati ya mkunjo na utashinda unaivuta.

Watakuambia uzungushe kiuno cha suruali shingoni, ikifika inakutosha. Hiyo ni ya mtu ambaye mwili wake umetulia. Wako shingo na kiuno havishuki pamoja, itakudanganya.

Kujaribu: vaa taiti na fulana nyepesi isiyo na mikono, juu yake sketi pana. Suruali unaipandisha chini ya sketi palepale, hakuna atakayekushangaa.

Kuhusu bei, belo likifunguliwa asubuhi unalipia kuchagua wa kwanza. Nguo utakayoivaa wiki 5 haistahili bei hiyo. Pesa ya asubuhi iweke kwenye vitu visivyojali saizi: mtandio, mkoba, sweta la wazi mbele, koti jepesi. Suruali na blauzi njoo alasiri, au subiri zikiwekwa kwenye fungu la bei moja.

Fundi_Buguruni
Naongezea upande wa cherehani. Kanuni yangu ni bega. Mshono wa bega ukikaa juu ya mfupa wa bega, mengine yote tunazungumza. Bega likishuka inchi moja kwenye mkono, usinunue hata kwa buku. Kulirudisha ni kufumua mikono yote na kukata upya, utalipa kuliko nguo mpya.

Blauzi na gauni: nikiingia nusu inchi kwenye kila mshono wa pembeni nimetoa inchi 2 mzunguko mzima, na hiyo ni kazi ya dakika chache. Nikiingia inchi nzima nimetoa 4, hapo tundu la mkono linavurugika na kwapa linaanza kuvuta. Gauni lenye zipu ubavuni liache. Zipu inazuia upande wake, fundi ataingiza upande mmoja tu na gauni litapinda. Koti lenye bitana, shifoni yenye marinda na nguo ya shanga nazo ziache.

Suruali inabanwa mshono wa nyuma katikati, siyo pembeni. Mwisho wake ni inchi 2 hivi. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana inakuwa kama macho ya bundi.

Kwa anayeendelea kupungua kuna njia bora kuliko kubana. Tafuta kwenye fungu la suruali za watoto zile zenye lastiki ya matundu ndani ya kiuno, inayoshikwa na kifungo kila upande. Chomoa lastiki. Kwenye suruali yako, upande wa ndani wa kiuno, toboa matundu mawili wima usawa wa mishono ya pembeni, yazungushie uzi yasifumuke. Pitisha lastiki nyuma, shona kifungo kando ya kila tundu. Kiuno kikipungua unaruka tundu moja. Inasogeza kiuno inchi 3 hivi bila kugusa mshono. Ikizidi hapo, kitambaa kinajikusanya nyuma na kinaonekana chini ya blauzi.

Na hili mwambie fundi mapema: asikate. Ukibana mara ya kwanza apige mshono mrefu, aache kitambaa kilichozidi ndani, akilaze kwa pasi. Baada ya wiki 6 anaingia tena kwa ndani. Wengi wanakata na kupiga ovaloki siku hiyohiyo. Ukirudi, mshono wa pili unabeba ovaloki ya kwanza, unakuwa mnene, na mapajani utakuchubua.

Sista_wa_Wodi
Mpenzi, hongera kwa kufika hapo. Kasi ya kupungua ni kubwa zaidi miezi 6 ya mwanzo, halafu mwendo unapoa na unaendelea hadi mwaka mmoja au mwaka na nusu. Kwa hiyo sasa hivi nunua za kukutosha leo, za wiki 4 hadi 6 tu: suruali au sketi 2, blauzi 4, gauni 1. Usinunue "za kushukia" saizi tatu chini. Hujui mwili utapungua wapi, na ngozi iliyolegea ya mikono na tumbo inachukua nafasi ambayo mizani haikuonyeshi.

Kunyanyua: hadi wiki ya 6 hivi, au hadi daktari wako aruhusu, usibebe mzigo mzito. Nenda na mtu wa kubeba. Nenda saa ambazo jua si kali, na chupa ya maji unywe kidogokidogo njiani, kwa sababu mfuko mdogo haukubali kufidia maji kwa mkupuo mmoja. Kifungo cha chuma na zipu visikae juu ya kovu.

Usafi ndiyo muhimu zaidi kwako, maana kwenye mikunjo ya ngozi jasho linakaa na vipele vinaanza haraka. Pamba iguse ngozi, poliesta ikae juu. Kila nguo ya mtumba ifuliwe kabla hujaivaa, ya pamba kwa maji ya moto ya nyuzi 60 kwenda juu. Isiyovumilia moto ifunge kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima kabla ya kufua; wadudu wa upele hawaishi zaidi ya siku 2 hadi 3 nje ya mwili. Ukianika nje, piga pasi ndani na nje, hasa kiunoni na kwenye mishono, kwa sababu kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake wanaingia kwenye ngozi.

Nguo za ndani nunua mpya. TBS, shirika la viwango la Tanzania, imepiga marufuku za mtumba, ingawa utaziona zimeanikwa mezani.

Msee_wa_Toi
Salamu kutoka Nairobi. Huku tunasema kamera kwa zile za kwanza kuchaguliwa na fagia kwa zilizobaki. Fagia si takataka, ila ikague. Vuta kitambaa cha kuvutika, hesabu hadi 5, achilia. Kisiporudi, lastiki imekufa na magoti yatatokeza siku ya kwanza. Inua suruali mbele ya mwanga utazame katikati ya mapaja, pakipenya mwanga itachanika. Aina itakayokufaa sana ni gauni la kuvuka kifuani na kufungwa kwa mkanda, linapungua na wewe.

Neema_Tabata
Asanteni sana, nimeandika yote. Sidiria na viatu je?

Sista_wa_Wodi
Sidiria mpya 2 tu kwa sasa. Ivae kwenye kulabu za nje kabisa. Ukifika za ndani kabisa na mkanda wa nyuma bado unapanda mgongoni, badilisha. Kuna vipande vya kurefusha mkanda, lakini wewe huvihitaji, unaelekea upande mwingine.

Mzee_wa_Belo
Viatu vya mtumba chukua vya kamba au mkanda wa kurekebisha, mguu nao unaweza kupungua kidogo. Kunja soli kwa mikono miwili: ikionyesha nyufa nyeupe, gundi imekauka na itaachia ukiwa barabarani.