Naomba ushauri: tumwage pesa kwa mrushaji wa kumalizia?

Wakuu, niko Chicago, kazini tunabishana kila chai. Wenzangu wanataka Cubs, timu yetu ya besiboli, wasajili mrushaji nyota aliyemaliza mkataba, yule wa kuingia awamu ya 9, ya mwisho, kulinda ushindi. Mimi nasita. Mtu anarusha mipira kumi na tano, tena si kila siku! Juni 2019 tulimpa Craig Kimbrel, mrushaji wa aina hiyo, dola milioni 43 kwa miaka 3. Msimu ule mipira yake ilipigwa mpaka unazima TV. Mets, timu ya New York, walimpa mrushaji wao wa kumalizia Edwin Díaz dola milioni 102, Machi 2023 akaumia goti akishangilia ushindi wa timu yake ya taifa, Puerto Rico, msimu mzima nje. Ila kupoteza mechi uliyokuwa unaongoza nako kunauma, jamani. Nyie mngelipa, au mngepandisha kijana wa timu ya chini? Nipeni hoja kabla ya Jumatatu.