Madam C. J. Walker: mkombozi au muuza mafuta?

Mleta mada: Wadau, hili tulimalize leo. Sarah Breedlove, ndiye huyo Madam Walker, kazaliwa Delta, Louisiana, 1867, wazazi walikuwa watumwa. Yatima akiwa na miaka 7, kaolewa na 14, mjane na 20. Dobi tu, hana mbele wala nyuma. Anafariki 1919, ana kiwanda cha bidhaa za nywele Indianapolis na jumba la kifahari kando ya mto Hudson. Je, aliwainua wanawake weusi wa Marekani au aliwauzia aibu ya nywele zao?

Kipilipili: Aibu. Si ndiye aliyevumbua chanuo la moto? Masikio yangu yana alama hadi leo.

Msusi wa Mtaa: Hakuvumbua, lilikuwepo kabla yake. Bidhaa iliyompa jina ilikuwa ya kuotesha nywele, mafuta mgando yenye salfa. Zake mwenyewe zilikuwa zinakatika. Nyumba hazina bomba, kichwa kinaoshwa kwa nadra, mba imeganda kama utandu wa uji. Sisi wa saluni tunaijua hiyo, ikishika ngozi hata nywele za Mzungu zinang'oka.

Mwana wa Dobi: Samahani mleta mada, "dobi tu" ndiyo nini? Bi mkubwa wangu kafua nguo za watu miaka na miaka. Sabuni ya mche ilimchubua vifundo, akikamua ndimu anafumba macho. Ada yangu ilitoka humo.

Mleta mada: Kaka, sikumgusa mama. Nilionyesha alikotoka.

Mwana wa Dobi: Ungeonyesha bila "tu". Mwenyewe hakuona haya. Chicago, 1912, mkutano wa wafanyabiashara weusi, Booker T. Washington, kiongozi wao, anamruka tu, hampi nafasi ya kuzungumza. Akasimama akasema katoka mashamba ya pamba, huko AKAPANDISHWA CHEO kwenye beseni la kufulia. Cheo, bwana!

Kipilipili: Tumetoka kwenye nywele tumeingia kwenye mabeseni. Na Annie Malone wa St. Louis, naye mweusi muuza dawa za nywele, je? Walker alikuwa wakala wake, akajitenga, akauza kitu kilekile karibu. Mbona huyo haimbwi?

Mzee Kijiwe: Hayo ya biashara yapo tangu dunia. Mimi namheshimu kwa dola 5,000 alizowapa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, kupinga watu weusi kuuawa na makundi ya Wazungu. Matajiri wetu wanachangia harusi.

Kipilipili: Mzee, harusi zimeingiaje?

Msusi wa Mtaa: La Malone kweli linauma, simtetei. Ila dada, hesabu mawakala. Maelfu ya wanawake walipita nyumba kwa nyumba na vikopo, wakapata hela yao wenyewe. Bila yeye wengi wangebaki kufua tu.

Mwana wa Dobi: "Kufua tu." Haya, na wewe.

Msusi wa Mtaa: Yarabi. Mnisamehe, bi mkubwa wake.