Je, rada ya Anchorage, Alaska, ilithibitisha alichokiona rubani wa Japan Air Lines mwaka 1986?

Mtazamanyota

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Katika taarifa zote za vitu visivyotambulika angani zilizotolewa na marubani, inayonisumbua zaidi ni ya ndege ya mizigo ya Japan Air Lines, safari namba 1628, Boeing 747 iliyokuwa ikisafirisha mvinyo wa Beaujolais kutoka Paris kwenda Tokyo. Jioni ya tarehe 17 Novemba 1986, ikiwa juu ya Alaska kwenye kimo cha futi 35,000, Kapteni Kenju Terauchi aliona taa zikiandamana na ndege yake, na baadaye umbo kubwa mno ambalo alilieleza kuwa na ukubwa mara mbili ya meli ya kubebea ndege za kivita. Wapo wanaosisitiza kwamba rada ilikinasa kitu hicho, na wapo wanaokana kabisa. Naomba mwenye ujuzi wa uongozaji wa ndege atueleze rada ilionyesha nini hasa.

Mnara_wa_Kusini

Ndugu Mtazamanyota, swali lako ni zuri, na jibu lake linahitaji kwanza kujua kwamba mwongozaji wa ndege hutazama rada za aina mbili kwa pamoja. Ya kwanza hutuma mawimbi yanayogonga mwili wa ndege na kurudi. Ya pili huiuliza ndege, na chombo kilichomo ndani yake hujibu kwa kutaja namba na kimo. Majibu hayo mawili yasipolingana sawasawa, kompyuta inaweza kuonyesha alama mbili pale ambapo ndege ni moja tu. Hivyo ndivyo Mamlaka ya Anga ya Marekani ilivyohitimisha mwezi Machi 1987 baada ya kuchunguza kumbukumbu za rada za Anchorage: alama ya ziada ilikuwa ni mwangwi wa ndege yenyewe. Usiku ule jeshi nalo lilisema kwa muda kwamba linaona kitu karibu na ndege hiyo, kisha likakipoteza. Ndege ya United iliyokuwa jirani iliombwa kusogea na kutazama, na wahudumu wake hawakuona kitu zaidi ya ile ndege ya Wajapani.

Kwa maoni yangu, basi, rada haikuthibitisha. Lakini haikumfanya rubani kuwa mwongo pia, kwa sababu kushindwa kuthibitisha na kukanusha ni mambo mawili tofauti.

Binti Mlima

Nashukuru kwa maelezo ya Mnara. Ningependa tuzingatie pia kwamba ndani ya ndege ile walikuwamo watu watatu. Msaidizi wa rubani na mhandisi wa ndege walikiri kuona taa, ila lile umbo kubwa ni kapteni peke yake aliyelieleza kwa uhakika. Mwezi Januari 1987 Terauchi alitoa taarifa nyingine ya kuona taa akiwa angani Alaska, na maelezo yaliyopatikana kwa tukio hilo la pili ni kwamba taa za makazi ya watu zilikuwa zikimulika kwenye chembe za barafu hewani. Rubani amefunzwa kuichukulia kila taa kuwa huenda ni ndege inayomjia, na mafunzo hayo, ambayo yanaokoa maisha yetu sote, ndiyo yanayoweza kumfanya aone nyota au sayari kuwa chombo kilicho karibu.

Hata huku kwetu kuna taarifa inayostahili kusomwa. Mwezi Februari 1951 ndege ya East African Airways aina ya Lodestar, ikitoka Nairobi kwenda Mombasa asubuhi, ilikuwa na wahudumu na abiria waliosema wameona kitu cha rangi ya fedha, chenye umbo la risasi, kimetulia juu ya Kilimanjaro kwa takriban robo saa kabla ya kupanda na kuondoka. Hapo mashahidi ni wengi, na ilikuwa mchana.

Mtazamanyota

Dada Binti Mlima, hiyo ya Kilimanjaro sikuijua, nashukuru sana. Nina swali moja la nyongeza: je, marubani wa leo bado wanaogopa kusema?

Mnara_wa_Kusini

Wapo wanaoogopa, na mimi jambo hilo linaniuma. Terauchi mwenyewe aliondolewa angani na kupewa kazi ya ofisini kwa miaka kadhaa baada ya kuzungumza na waandishi wa habari. Linganisha na tarehe 9 Novemba 2018, pale rubani wa British Airways aliyetoka Montreal alipokiuliza kituo cha kuongoza ndege cha Shannon, nchini Ireland, kama kulikuwa na mazoezi ya kijeshi, kwa kuwa taa kali ilikuwa imempita kwa kasi kubwa. Aliulizwa maswali kwa utulivu, marubani wengine nao wakasema wameiona, taarifa ikaandikwa, na maelezo yaliyopewa uzito ni ya vimondo. Siku hizi setilaiti za Starlink nazo huakisi jua usiku na kuwashangaza marubani wengi. Mwongozaji anayepokea taarifa kama hiyo anapaswa kuuliza saa, kimo, upande na muda, kisha aandike kama alivyoambiwa, bila kuongeza neno.