Konifulawa ya Wamarekani na ya Waingereza: mbona mkate wangu wa mahindi umeharibika?

Binti wa Kisauni:
Assalaam aleikum, ndugu na dada zangu. Jumamosi iliyopita nilioka mkate wa mahindi kwa kufuata maelezo ya mpishi wa Marekani, yaliyotaka kikombe kimoja cha konifulawa, kikombe kimoja cha unga wa ngano na stiki moja ya siagi. Nilikwenda Marikiti nikanunua pakiti yenye jina hilo hilo, nikapima kwa kikombe cha chai, na siagi nikaikadiria kwa macho kwa kuwa sikujua stiki ni kiasi gani. Mkate ulipasuka juu, na nilipoukata, kisu kilitoka na utandu mweupe unaonata. Ladha ya mahindi haikuwamo hata chembe, na wageni walikuwa wameshakaa. Naomba mwenye kujua anieleze kosa lilikuwa wapi, maana hata kwa keki ya kawaida naona maelezo ya Waingereza na ya Wamarekani hayaendi sawa.

Bi Mkubwa wa Mji wa Kale:
Waaleikum salaam, mwanangu, na pole kwa aibu ya wageni. Kosa kubwa ni la unga, na si lako peke yako. Mwingereza akisema konifulawa anakusudia wanga mtupu uliokamuliwa katika punje ya mahindi, ule mweupe unaolialia ukiufinya kati ya vidole, ambao sisi tunautia katika kastadi na wengine hukorogea halwa. Maduka yetu yamerithi jina hilo kwa Waingereza. Mmarekani wanga huo anauita kwa jina jingine, na kwake konifulawa ni mahindi yenyewe yaliyosagwa laini. Kwa hivyo ulioka halwa katika oveni, ndiyo sababu kisu kikanata. Chukua unga wa sembe, uchekeche kwa chekecheo la matundu madogo, utakufaa. Na usije ukageuza kosa: ukisoma biskuti za Kiingereza zinazotaka gramu 50 za konifulawa, huo ndio wanga, usitie sembe.

Mwokaji wa Tudor:
Naongezea juu ya vipimo, dada, kwa sababu hapo ndipo keki nyingi zinapoharibika. Stiki ya siagi ya Marekani ni gramu 113, sawa na nusu kikombe chao. Katika pakiti yetu ya gramu 250, kata kidogo chini ya nusu. Kikombe chao ni kipimo maalumu cha mililita 240 hivi, hakihusiani na kikombe cha chai, na unga wa ngano uliomiminwa humo kwa kijiko bila kushindiliwa huwa gramu 120 hivi. Ukiuchota kwa kikombe chenyewe, unga ule ule unaweza kufika gramu 150, na ziada hiyo inatosha kuifanya keki iwe kavu. Waingereza wa siku hizi huandika gramu, nami napenda mtindo wao kwa sababu mizani haibishani na mtu.

Unga wa ngano uliokwisha kutiwa bekingi pauda nao unatofautiana: wa Marekani huwa umetiwa na chumvi, wa Uingereza kwa kawaida hauna. Soma nyuma ya pakiti uliyonayo, na kama chumvi haimo, ongeza robo ya kijiko cha chai kwa kila kikombe unapofuata maelezo ya Kimarekani. Moto wao huandikwa kwa Farenhaiti. 350 ni kama 177 ya Selsiasi.

Sukari yao ya kawaida ni laini kuliko sukari yetu ya chenga kubwa, ambayo haiyeyuki upesi unapoipiga na siagi. Mimi huitia katika blenda kwa muda mfupi tu, nikaiwacha kabla haijawa vumbi. Na kwa joto hili la Mombasa, siagi ikishaanza kung'aa mafuta juu, irudishe katika friji kwanza. Iliyoyeyuka haishiki hewa, hata uipige namna gani.

Binti wa Kisauni:
Shukran sana, Bi Mkubwa, na wewe Mwokaji. Nimeazima mizani ya jirani na kupima kikombe changu: kinabeba gramu 180 za maji, kumbe robo nzima ilikuwa inapungua. Nimebakiwa na swali moja, la mayai: maelezo yanasema mawili makubwa, na haya ya dukani hayana alama yoyote.

Mwokaji wa Tudor:
Yapime vilevile, dada. Yai kubwa la Marekani ni gramu 57 hivi pamoja na ganda lake, ilhali la Uingereza huanzia gramu 63 hadi 73. Kwa mkate wako, mawili yakikaribia gramu 114 yatatosha; yakiwa madogo sana, vunja la tatu, ulipige, utie nusu yake.