Shule ya serikali ikijaa, nafasi apewe nani?

Baba Pendo, Rhonda
Nauliza swali moja na naomba tusitie siasa ya uchaguzi wa 2027. Juzi hapa Nakuru nimempeleka mtoto wangu Pendo kuingia Gredi ya 1. Kutoka kwa ploti yetu hadi geti la shule ni mwendo wa kumaliza ndizi moja. Nilifika saa kumi na moja alfajiri nikakuta foleni imeshapita kibanda cha makaa. Saa tano karani akatoka akasema zimebaki nafasi nne. Tulikuwa watu kama sitini. Bado tunatazamana, Probox ikaingia, ikashusha watoto watatu wenye sweta mpya. Kuuliza wanatoka wapi, naambiwa Kiamunyi. Huko hakuna shule?
Maoni yangu: shule ikijaa, wanaokaa karibu waingie kwanza. Chifu na nyumba kumi wathibitishe, halafu orodha ibandikwe getini, kila jina na sababu yake. Shule sijaitaja na sitaitaja.

Kinyozi 58
Chifu athibitishe? Unamfukuza paka, halafu unampa fisi ufunguo wa banda. Wiki moja tu, barua ya "huyu ni mkaazi wetu" itakuwa inauzwa stejini pamoja na njugu. Na hizo nafasi nne za saa tano, zilikuwa ngapi kabla walimu hawajanywa chai?

Mama Kabichi
Na landilodi mmemsahau. Ploti yetu ilipowekewa mfereji tu, kodi ilipanda mia tano. Ikitangazwa kwamba anayekaa hapa ndiye anaingia shule ile, mabati haya yataitwa apatimenti. Mwenye pesa atakodi chumba aweke godoro la kuonyesha, mimi nihamie Barut.

Shangazi wa Leicester
Mama Kabichi, hayo unayoyaogopa huku Uingereza yapo tayari. Fomu ya shule ya msingi inafika kwa halmashauri kabla ya tarehe 15 Januari kuisha, majibu yanatoka 16 Aprili. Shule ikiombwa na wengi kuliko viti, inafuata kanuni ilizotangaza mapema: watoto wanaolelewa na serikali kwanza, halafu mara nyingi wenye ndugu ndani ya shule, halafu umbali wa nyumba. Watoto wa miaka mitano hadi saba hawazidi thelathini kwa mwalimu mmoja, ni sheria. Ukikosa unakata rufaa. Angalau unajua umekosa kwa nini. Lakini nyumba za karibu na shule nzuri bei yake haishikiki, na watu wanadanganya anwani mchana kweupe. Brighton walijaribu kura ya bahati kwa sekondari zilizojaa, mwaka 2008 kama sikosei. Kura hasa, kama tunavyochota namba za chama cha kuchangiana.

Kinyozi 58
Thelathini! Hapa thelathini ni wale wa dirishani peke yao.

Ngumu Kumeza
Kizazi cha kulialia. Mtoto akikosa shule ya mlangoni aende ya mbali, kwani miguu ni ya nini? Sisi tulitembea kilomita nane kwenda na nane kurudi, miguu chuma, jerikeni ya maji mkononi na Ijumaa kinyesi cha ng'ombe cha kusiliba darasa. Hakuna mzazi aliyeandika risala. Tukifika tunapata maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya Rais Moi, na kiboko, na tumekuwa watu.

Mama Kabichi
Nane kutoka wapi hadi wapi?

Ngumu Kumeza
Kutoka kwetu Njoro ndani hadi shule. Uliza mtu yeyote wa rika langu.

Kinyozi 58
Mzee, tulipobishana hapa juu ya nauli mwaka jana zilikuwa kilomita tano. Shule yenu inasogea?

Ngumu Kumeza
Tano ni njia ya mkato. Mvua ikinyesha mto unafurika, tunazunguka. Wewe umezaliwa mjini Section 58, mto utaujulia wapi?

Mtu wa Molo
Mimi zangu zilikuwa kumi na moja, tena na baridi ya Molo, vidole vinakataa kushika penseli. Na bado nilikuwa namba mbili.

Kinyozi 58
Namba moja alitoka wapi, Uganda?

Baba Pendo, Rhonda
Jamani, swali langu.

Mama Kabichi
Baba Pendo ngoja kwanza, huyu mzee amenigusa. Ngumu Kumeza, enzi zako barabarani mlikutana na ng'ombe na baiskeli ya posta. Pendo ana miaka sita na shule atakayoelekezwa huenda iko ng'ambo ya barabara kuu ya Eldoret. Trela haisimami kwa sababu imeona sweta. Na hao mliotembea nao, wangapi walifika la nane? Wale walioishia la tatu hawaandiki hapa kutusimulia utamu wa kutembea.

Ngumu Kumeza
Wenzangu usiwatukane. Darasa letu limetoa daktari, limetoa wahandisi wawili, limetoa padri. Hujui unachosema, rudi kwenye kabichi.

Mama Kabichi
Kabichi hizo zimelipa karo ya watoto watatu. Wewe umetoa kilomita tu.

Kiamunyi Kwetu
Nimesoma kimya, lakini hiyo Probox inayosemwa huenda ni yangu. Watoto wawili wangu, mmoja wa jirani. Mke wangu anauza mitumba hatua chache kutoka shule hiyo tangu kabla Pendo hajazaliwa. Mchana watoto wanakula kwa meza yake, jioni wanamngojea pale. Niwapeleke shule ya Kiamunyi wakitoka saa tisa wakae na nani? Karibu na nyumbani na karibu na mama si kitu kimoja. Na sweta mpya si dhambi, nilinunua kwa mkopo wa simu.

Kinyozi 58
Probox ni nyeupe?

Kiamunyi Kwetu
Ya fedha.

Baba Pendo, Rhonda
Mimi niliona nyeupe. Basi si wewe, ndugu yangu. Lakini hata kama ni wewe, mama akiuza mitumba Gikomba utawapeleka watoto Nairobi?

Karani wa Bondeni
Mnagombana mlangoni na nyumba ilishapangwa. Nafasi za Gredi ya 1 hazigawiwi Januari. Ziligawiwa miaka miwili nyuma, watoto walipoingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, wakiwa na miaka minne. Chekechea ikiwa ndani ya ua wa shule ya msingi, wa PP2 wanavuka veranda tu na kukaa Gredi ya 1, mwalimu mkuu hawezi kuwafukuza. Madarasa mawili ya chekechea ya watoto arobaini yanajaza madarasa mawili ya Gredi ya 1 kabla hujaamka kupanga foleni. Zile nne alizotangaza karani ni za waliohama. Na angalieni: chekechea ni kazi ya kaunti, katiba ndivyo ilivyogawa. Shule ya msingi ni ya serikali kuu. Mlango wanaouchunga maafisa wa elimu ni wa Gredi ya 1. Ule wa PP1, ambako kazi yote inafanyika, sijaona anayeuuliza. Mkitaka orodha ya getini, idaini huko.

Mtu wa Molo
Ngumu Kumeza, huo mto uliokuwa mkizunguka unaitwaje?

Ngumu Kumeza
Ndarugu. Kaulize.

Chaki Mkononi
Nimefundisha shule za umma hapa mjini miaka thelathini na moja nikastaafu bila doa, halafu kinyozi anauliza nafasi zilikuwa ngapi kabla ya chai. Nikueleze kijana. Januari 2003 Rais Kibaki alipofuta karo ya shule za msingi, nilifungua mlango wa darasa la kwanza nikakuta watoto mia moja na kumi na wawili. Wengine walikuwa na ndevu zinaanza. Nchi nzima tulitoka kama milioni 5.9 tukafika milioni 7.2 mwaka mmoja. Sikumrudisha hata mmoja. Niliandika kwa ubao na kwa ukuta, nusu ndani na nusu chini ya mgrevilia. Hakuna aliyeninywesha chai.
Leo mnaona ua ni uleule. Lakini shule iliyojengewa darasa la kwanza hadi la nane, tangu Januari 2023 inalea pia sekondari ya chini inayoanzia Gredi ya 7, na walipofika Gredi ya 9 madarasa yakawa tisa, pamoja na PP1 na PP2 wanaotaka paa. Mwalimu mkuu anahesabu madarasa kama mama anayehesabu chapati wageni wakiwa sebuleni. Na akikubali wote, mgao wa serikali ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, ukifika kwa wakati. Kwa hiyo mtoto analeta shilingi lakini haleti kiti.

Kinyozi 58
Mwalimu, shikamoo. Nilisema walimu, sikusema wewe.

Chaki Mkononi
Walimu ni mimi.

Kinyozi 58
Basi naondoa chai. Lakini mwaka jana mtoto wa dada yangu alifanyishwa intavyuu. Miaka sita! Aliambiwa asome ukurasa mzima, akakwama kwenye "ng'ombe", wakasema nafasi zimejaa. Kama zimejaa, ng'ombe alikuwa wa nini?

Wakili wa Ploti
Hiyo ni kinyume cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35.

Chaki Mkononi
34. Cha 35 ni cha kutomrudisha mtoto darasa wala kumfukuza. 34 ndicho kinakataza ubaguzi wa kuingiza watoto, na shule ya umma haipewi ruhusa ya kumtahini mtoto ili aingie, isipokuwa kujua awekwe darasa lipi. Ukitaja sheria taja namba.

Wakili wa Ploti
Asante mwalimu, nilikuwa natoka kichwani. Na cha 28 kinasema serikali iweke shule katika umbali unaofikika, maneno yenyewe ni kama "umbali wa kadiri". Kilomita haikutajwa.

Ngumu Kumeza
Mmeona! Nane zinafikika. Mimi nilizifikia.

Mama Kabichi
Huyu atazikwa na hizo kilomita.

Shangazi wa Leicester
Naomba nirudi kwa Karani wa Bondeni maana naona mmemruka. Hata huku, mtoto kusoma chekechea ya shule mara nyingi hakumpi kiti cha darasa la kwanza, mzazi anaomba upya. Ndiyo njia ya kuzuia jambo analosema.

Karani wa Bondeni
Umenielewa peke yako, shangazi. Lakini hapa ukimwambia mzazi aliyelipia uji na mlinzi miaka miwili aombe upya na wageni, utahitaji askari getini.

Kiamunyi Kwetu
Askari wa kwanza nitakuwa mimi. Wangu waliingia PP1 hapo kihalali, nilipanga foleni kama mwanaume.

Mama Kabichi
Kama mwanamke unamaanisha. Foleni ile yote ni mashuka na watoto mgongoni. Na mimi dukani sina mtu wa kuniachia, siku ya foleni ni siku ya hasara. Kuingia kwa kuwahi foleni ni haki ya asiye na kazi au mwenye wa kumtuma. Wengine walilipa kijana wa mkokoteni awashikie nafasi tangu saa tisa usiku. Ndiyo sababu mimi naona hiyo kura ya Brighton si upuuzi. Namba kwenye kofia, mtoto wa hedimasta na wangu kofia moja.

Kinyozi 58
Na kofia ishikwe na nani?

Mama Kabichi
Na wewe, si una kofia nyingi za wateja waliosahau.

Mtu wa Molo
Mzee Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84 na soksi ndefu. Pendo ana sita anaambiwa kumejaa.

Wakili wa Ploti
Maruge hakuulizwa namba ya cheti cha kuzaliwa ya kuingiza kwenye mtandao wa serikali wa kusajili wanafunzi.

Chaki Mkononi
Msicheze na hiyo. Mtoto asiye na cheti anakaa darasani, anakula chaki kama wengine, lakini kwenye mtandao wa serikali hayupo na mgao wake haufiki. Nimeona walimu wakuu wakimkataa mtoto kwa sababu hiyo tu halafu wanasema nafasi zimejaa. Huyo ndiye anayekosa kimyakimya, si wa Probox.

Mtu wa Molo
Nimempigia shemeji yangu wa Njoro. Anasema Ndarugu watoto wanauruka.

Ngumu Kumeza
Wanauruka sasa kwa sababu mmekata miti ya msitu wa Mau. Wakati wetu ulikuwa mto.

Kinyozi 58
Hapo kwa Mau mzee amesema ukweli.

Baba Pendo, Rhonda
Niwape habari. Pendo amepata shule ya pili, ng'ambo ya barabara kama Mama Kabichi alivyosema. Namvusha asubuhi kabla ya kazi, jioni anavushwa na binti wa jirani wa Gredi ya 6. Watoto themanini na mmoja darasani, nilihesabu mwenyewe dirishani mpaka mwalimu akaniuliza kama natafuta mtu.
Karani wa Bondeni, swali dogo. Mdogo wake Pendo anafikisha miaka minne Desemba. Ile shule ya karibu, foleni ya PP1 inaanza lini?

Karani wa Bondeni
Usingoje Januari. Ulizia Oktoba shule zikiwa hazijafungwa. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na stuli.

Mama Kabichi
Baba Pendo! Na orodha ya getini, kila jina na sababu yake?

Baba Pendo, Rhonda
Bado naitaka. Ibandikwe mwaka unaofuata.

Ngumu Kumeza
Nimemtuma kijana apime na boda. Kilomita sita na mita mia saba, na hiyo ni bila kuzunguka mto.