UKOO WA BI MWANAIDI, TANGA: kamera ya Salma

JUMANNE

[19:06] Shangazi Rukia: Asalaam alaykum wana ukoo. Nimekaa kimya tangu Ijumaa nikidhani mtasema wenyewe. Mchango wa kumnunulia Salma kamera, ile Nikon ya mtumba. Muuzaji anataka jibu wiki hii. Naomba kila mtu aandike kiasi chake hapa hapa, si kunifuata pembeni.

[19:07] Shangazi Rukia: Harusi ya Mwanahawa ni tarehe 14. Usiku wa hina wamempa Salma apige. Ile kamera ya kuazima mwenyewe kasema siku hiyo ana kazi nayo.

[19:34] Shangazi Rukia: Tiki za bluu naziona.

[19:40] Mjomba Hemedi: Waalaykum salaam. Yangu 100,000 nilituma wiki iliyopita.

[19:41] Shangazi Rukia: Allah akuzidishie kaka. Wengine?

[19:52] Idi: Shangazi simu yangu ina megapikseli 108. Hiyo kamera mnasema 24. Tunachanga turudi nyuma? 😂

[19:53] Dada Tatu: 😂😂😂

[19:58] Salma: Shikamooni wakubwa wote. Kaka Idi, unazikumbuka picha ulizopiga kwenye maulidi ya kwa Bibi umeme ulipokatika? Nyuso zote kama zimepakwa nta. Namba ni kubwa, lakini kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya simu hata ukucha wa kidole cha mwisho hakifiki. Kwenye hizi kamera ni kama milimita 23 kwa 15, sawa na stempu ndogo. Usiku mwanga haba, kipande kikubwa kinakusanya zaidi. Na hina inapigwa usiku, ndani, nakshi zenyewe nyembamba kama uzi.

[20:01] Idi: Ile nta ilikuwa jasho. Feni zilizima

[20:02] Dada Tatu: Jasho la pilau. Kuna mtu alirudi mara tatu kwenye sinia sitaki kumtaja

[20:03] Idi: Nyama iliisha kabla wageni wa Pangani hawajafika na mimi nilikuwa nje na madufu, waulizeni waliokaa jikoni

[20:04] Mama Salma: Tulikaa jikoni tukipika, Idi.

[20:06] Shangazi Rukia: Mmeshaanza. Nazungumzia KAMERA.

[20:15] Shangazi Rukia: Halafu Salma mwanangu nikuulize mbele ya watu. Kuna duka Dar wanauza Canon 4000D mpya, imo ndani ya boksi, na bei iko chini ya hiyo Nikon ya mtumba. Kwa nini tutoe pesa kwenye kitu kilichoshikwa na mwenzio wakati kipya kipo?

[20:29] Salma: Shangazi, na mimi niliitamani hiyo kwa sababu ya boksi. Nikaenda kuishika kwa rafiki yangu anayo. Pale lenzi inapofungwa ni plastiki, si chuma. Mimi lenzi nitakuwa nafungua na kufunga kila kazi. Kioo cha nyuma kidogo, picha yenyewe megapikseli 18. Hayo ningevumilia. Kilichonirudisha nyuma ni flashi.

[20:30] Salma: Juu ya kamera pale flashi inapochomekwa, kwa kawaida kuna kidoti cha chuma katikati. Ndicho kinachoiambia flashi iwake. Kwenye 4000D hakipo. Na Canon 2000D nyingi nazo hazina. Zile flashi za bei nafuu tunazoweza kununua sisi zinakaa pale juu kama kofia tu, haziwaki. Itabidi flashi ya Canon au zile zinazoelewana nayo, bei yake si ya kwetu.

[20:33] Mjomba Hemedi: Sasa kamera bila flashi ukumbini si utapiga giza?

[20:35] Salma: Ndiyo mjomba. Ina flashi yake ndogo ya kujifungua lakini inapiga uso mweupe na ukuta wa nyuma mweusi. Flashi ya juu unaielekeza darini, mwanga unashuka taratibu. Bibi harusi anatoka na rangi yake.

[20:36] Shangazi Rukia: Haya. Basi hiyo Nikon ielezee ili kesho asije mtu akasema hakuelewa.

[20:47] Salma: Ni D3500, ilitoka 2018. Kidoti cha flashi inacho. Betri ikijaa, kiwandani wanaihesabia picha 1,550, ile 2000D ni 500. Shangazi unajua umeme wetu, sitaki kutafuta pa kuchomeka chaja usiku wa hina. Kibaya chake haina waifai, ina bluutuu tu, inarusha kwenye simu picha zilizopunguzwa. Za kumtumia bibi harusi usiku ule ule zinatosha. Zile kubwa natoa kwenye kadi. Na pa kuchomeka maiki haina, kwa hiyo nisiwadanganye kuwa nitafanya na video za maana. Naanza na picha.

[20:48] Salma: Kamera 980,000 pamoja na lenzi yake ya kawaida ya 18-55, begi na chaja. Flashi 120,000. Memori kadi halisi 30,000. Jumla 1,130,000. Mimi mwenyewe nimeweka 340,000.

[20:52] Shangazi Rukia: Mmesikia mtoto ameweka laki tatu na arobaini. Mimi 150,000. Hemedi 100,000. Mama Salma 100,000. Tatu 50,000. Tunayo 740,000. Bado 390,000. Kikundi kina watu 43.

[20:53] Dada Tatu: 42. Kuna mmoja kajitoa sasa hivi

JUMATANO

[06:10] Shangazi Rukia: Subalkheri. Bado 390,000.

[07:45] Ba Mdogo Shabani: Waalaykum salaam. Jana nilikuwa zamu. Mimi sipingi. Nauliza tu. Kamera itakuwa ya nani? Ikiharibika? Ikiuzwa? Tusije tukarudia yale.

[07:47] Dada Tatu: Yale yapi ba mdogo?

[07:48] Ba Mdogo Shabani: Mnajua.

[08:20] Mama Salma: Tunajua. Basi na mimi niseme. Pikipiki ilitolewa 2,300,000 kwa siku mbili. Risiti hakuulizwa mtu. Ikiharibika hakuulizwa mtu. Alikuwa mtoto wa kiume, "akatafute maisha". Mwanangu wiki ya tatu hii anaelezea mpaka kidoti cha chuma, bado anaulizwa ikiuzwa. Shabani, mimi ni shemeji yako nakuheshimu, lakini hilo limeniuma.

[08:24] Juma: Ujumbe huu umefutwa

[08:31] Ba Mdogo Shabani: Shemeji sikuwa na maana hiyo.

[08:50] Idi: Jamani tununue mbuzi, mbuzi haombi flashi

[08:51] Shangazi Rukia: Idi leo SIO siku yake.

[09:15] Dada Tatu: Lakini mama Salma kasema kweli. Na tena kazi ipo. Usiku wa hina na singo, bibi harusi anaposuguliwa mwili, mwanamume haingii, na akina mama hawataki picha zao zibaki kwenye kadi ya mtu wasiyemjua. Wapiga picha wa kike hapa Tanga ukiwahesabu hawamalizi vidole. Jirani yangu Makorora alitafuta wiki nzima, mwisho wakapiga kwa simu.

[13:02] Kaka Bakari Mombasa: Salaam aleikum watu wa Tanga. Niwieni radhi nilikua na harusi mbili, simu nmeiona saa hii. Nmesoma yote. Salma mwanangu umesema sawa juu ya flashi, mimi hilo lilinikuta nikamrudishia mtu kamera yake. Sasa hiyo Nikon ya mtumba hebu tuikague kabla hamjatoa hata shilingi.

[13:04] Kaka Bakari Mombasa: Mosi. Mwambie akupe picha moja iliyopigwa leo na kamera hiyo, uitume kwangu kama dokumenti, si kama picha. Ukituma kama picha WhatsApp yaikamua na kufuta maelezo yake ya ndani. Nikon huandika mule imeshapiga mara ngapi.

[13:05] Kaka Bakari Mombasa: Pili, hii ndio kubwa kwetu watu wa pwani. Vua lenzi, funika chumba giza, washa tochi ya simu upande mmoja uchungulie upande wa pili. Ukiona kitu kama utando wa buibui au mizizi, hiyo ni fangasi. Usichukue hata akupunguzie nusu. Chumvi na unyevu wa huku zamaliza lenzi nyingi kuliko kuanguka.

[13:07] Kaka Bakari Mombasa: Tatu, piga ukuta mweupe au mbingu, kile kidirisha cha lenzi kinachopitisha mwanga ukikaze kwenye f/16. Madoa meusi yakitokea ni vumbi ndani. Vumbi lapulizwa, si kosa la kuachia kamera. Mkwaruzo ndio mbaya.

[13:10] Salma: Ahsante sana kaka Bakari. Naenda kwake leo baada ya Alasiri, anakaa Chumbageni. Nitaenda na mama.

[13:12] Kaka Bakari Mombasa: Na lenzi ile ya 18-55 hujikunja, kuna kitufe ubavuni uivute kwanza. Wengi hudhani kamera imekufa kumbe lenzi haijafunguliwa. Baadaye ukipata pesa ya lenzi ya 50mm, tafuta iliyoandikwa AF-S. Zile za zamani za bei poa, kamera yako haina mota ya kuzizungusha, utafokasi kwa mkono usiku kucha.

[13:15] Kaka Bakari Mombasa: Mimi 100,000. Natuma jioni.

[13:16] Shangazi Rukia: Bakari Allah akulinde na familia. 840,000. Bado 290,000.

[13:17] Shangazi Rukia: Zuhura Muscat, umesoma tangu jana.

[17:38] Salma: (picha) Nipo kwake. Tochi imepita safi, hakuna utando. Raba ya kushikia upande wa kulia imeanza kubanduka kidogo. Kuna doa moja jeusi juu kushoto nikipiga mbingu.

[17:40] Salma: (dokumenti) Kaka Bakari hii hapa.

[17:41] Salma: (picha) Na hii nimempiga mama amekaa barazani. Nimeona niwatumie.

[17:44] Dada Tatu: Mashaallah dada yangu. Mpaka mshono wa kanga unaonekana

[17:46] Mjomba Hemedi: Mashaallah.

[18:05] Kaka Bakari Mombasa: Nmeifungua. 21,460. Kamera za daraja hili watu huzihesabia kama laki moja, kwa hiyo bado kijana. Doa ni vumbi. Bei yake mimi ningesema 900,000, mwoneshe hiyo raba.

[18:20] Salma: Nimemwonesha. Kasema 930,000 mwisho, na atangoja mpaka Jumamosi saa nne asubuhi. Kuna mtu wa Muheza naye anaitaka.

[18:22] Shangazi Rukia: Basi kamera tunahitaji 930,000, tunayo 840,000. Bado 90,000 tu kwa kamera. Flashi na kadi 150,000 tutaangalia. Jamani 90,000. Watu 42.

[18:23] Shangazi Rukia: Napendekeza nikope kwenye kikoba changu kesho tumalize, mtanirudishia.

[20:11] Babu Athumani: RUKIA. USIKOPE.

[20:12] Dada Tatu: Shikamoo babu

[20:12] Mjomba Hemedi: Shikamoo baba mdogo

[20:12] Salma: Shikamoo babu 🙏

[20:19] Babu Athumani: MARAHABA WANANGU. NIMESOMEWA YOTE NA MJUKUU. MAMA SALMA AMESEMA KWELI NA AMESEMA KWA ADABU. MTOTO HUYU AMEPIMA KITU CHAKE KULIKO SISI TULIVYOPIMA PIKIPIKI. KAMERA NI YAKE, MWENYE KUCHANGA ASIIDAI KESHO. LAKINI PESA YA UKOO HAITATOKA TENA WAKATI JAMBO LA JUMA LIMELALA CHINI YA MKEKA. IJUMAA BAADA YA SWALA JUMA AJE NYUMBANI. SHABANI NA WEWE UJE. TUKIMALIZA HAPO NDIO MUUZAJI APEWE.

[20:50] Ba Mdogo Shabani: Nimekuelewa baba. Nitakuja.

ALHAMISI

[05:58] Juma: Shikamoo babu, shikamooni wote. Jana niliandika nikafuta. Pikipiki niliiuza mama alipolazwa Bombo, na sikumwambia mtu kwa sababu niliona aibu. Ijumaa nitakuja babu. Salma dada yangu nakutumia 50,000 leo, zilizobaki sina.

[06:20] Mama Salma: Juma. Kwa nini hukusema mwanangu.

[06:41] Salma: Ahsante kaka Juma. Usijibane.

[09:30] Shangazi Rukia: Mimi hilo la Bombo sikulijua. Tutaongea Ijumaa. Tunayo 890,000. Bado 40,000 kamera iwe yetu. Swala ya Ijumaa inatoka saa saba, kikao hakitaisha kabla ya saa kumi, muuzaji Jumamosi saa nne. Salma mpigie umwambie tunakuja bila kukosa.

[09:33] Salma: Nimempigia hapokei. Nitajaribu tena Adhuhuri.

[09:35] Shangazi Rukia: Zuhura?

[11:12] Idi: Shangazi Ijumaa kwa Babu kutakuwa na chakula au tule kabla?

[11:13] Shangazi Rukia: Idi, kiasi chako bado sijakiona hapa.