MJADALA: Mkristo anayenunua viazi kwa lumbesa, ushuhuda wake uko wapi?

Wakuu habari za muda huu. Naleta hii mada tuijadili kwa utulivu, sio kukashifu kanisa la mtu, mimi mwenyewe ni Mkristo na nasali. Kwetu Njombe siku hizi somo linalorudiwa sana ni la chumvi na nuru, ile Mathayo 5, kwamba Mkristo aonekane kazini na mtaani, sio jumapili tu. Somo zuri, sina ugomvi nalo. Ila sikiliza mifano inayotolewa: usilewe, usitukane, vaa kwa heshima, washirikishe wenzako neno, weka mstari wa biblia kwenye status. Hakuna anayetaja gunia. Na Njombe ukitoa gunia la viazi unabaki na nini, mbao, chai na baridi.

Kwa mliozaliwa mjini, lumbesa iko hivi. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na serikali imeshapiga marufuku lumbesa sijui mara ngapi, kila kiongozi anayekuja anapiga marufuku yake. Lakini mnunuzi anakuja na Fuso, magunia yake, na vijana wake wa kufungasha, mkulima kazi yake kuchimba na kutazama. Gunia likishajaa mpaka mdomoni, pale ambapo mimi na wewe tungeshona, wao ndo kwanza wanaanza, wanaunga kipande cha gunia lingine kwa juu, kijana anapanga viazi kwa mkono, vikubwa pembeni vidogo katikati, mpaka kinasimama kama kichuguu, halafu anapitisha kamba kwa ile sindano kubwa na kukaza huku goti limekandamiza. Hapo kilo 120 umeshaziacha nyuma, na bei inabaki ya gunia moja.

Shangazi yangu analima. Msimu uliopita aliyemnunulia ni mzee wa kanisa wa usharika wa jirani, gari lina stika ya Yesu kioo cha mbele, na kabla ya kazi kuanza alivua kofia akaomba watu wote wasimame, akasali, akaibariki mikono iliyolima. Sala nzuri kabisa, wala simcheki. Baada ya amina vijana wakaanza kufunga lumbesa. Shangazi na yeye alisema amina, angefanyaje, viazi vimeshachimbwa, vikikaa juani vinageuka kijani na hakuna mtu atavitaka, mizani hana, na mbolea alikopeshwa na dalali yule yule aliyemleta mnunuzi.

Sasa hoja yangu ni hii. Ukristo wa mtu unaonekana pale ambapo mwenzake hana uwezo wa kumkatalia. Ofisini ukinikera nitakukwepa, kwenye basi ukihubiri nitaweka earphone, ila mkulima mbele ya gari lako hana pa kwenda, ndo mahali umeshika maisha ya mtu, na hapo hapo ndo tumeamua pasihesabike. Tunaita "biashara".

Biblia yenyewe haikwepi hili. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji, Luka 3, wakauliza tufanye nini, hakuwaambia wakafunge siku tatu wala waache kazi, aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Watu wameuliza habari za toba wamejibiwa habari za kiwango! Zakayo hivyo hivyo, mdomo wake ulipofunguka alianza kutaja mali na kurudisha mara nne. Mithali 11:1 hata sina haja ya kuieleza, mizani ya hadaa inaitwa chukizo, neno zito ambalo sisi tumezoea kuwarushia watu wengine kabisa.

Na tusiseme ni mambo ya zamani za kina Zakayo. Ule uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukaingia Uganda na kuvuka mpaka Bukoba, majirani waliwatambua walokole wa kwanza kwa nini? Kuimba na kutubu hadharani ndio, lakini pia walikuwa wanarudisha vitu. Mtu ameokoka anabeba alichokiiba anakipeleka kwa mwenyewe, ana deni la zamani analipa. Hata asiyependa makelele yao aliona kitu kimerudi nyumbani kwake.

NYONGEZA: nimeona michango hapa chini, najibu michache.

Aliyesema mkulima amekubali mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Ndugu, soma tena habari ya viazi kugeuka kijani.

Aliyesema akifunga kilo 100 atafilisika. Huyu ana hoja na ningependa tuongee naye vizuri. Ni kweli sehemu nyingi mpagazi analipwa kwa gunia, nauli ya gari inahesabiwa kwa gunia, na ushuru wa halmashauri umekuwa ukitozwa kwa gunia, kwahiyo ukifunga dogo unalipa zaidi ya mwenzako na mkifika Dar sokoni mnauza bei moja. Sawa. Basi hata kabla hujabadilisha ufungashaji, kuja na mizani shambani umlipe mkulima kwa kilo. Faida yako itapungua ndio, lakini hapo ndo tunazungumzia imani sasa, isiyokugharimu kitu utaijuaje kama unayo? Na historia inaonyesha sio lazima ufe njaa. Waquaker, dhehebu la Kikristo la Uingereza, karne ya 17 walikataa mchezo wa kutaja bei ya uongo ili mteja aipunguze, wakaweka bei moja kwa kila mtu, mwanzoni wateja wakawakimbia, baadae wakarudi kwa sababu ungeweza kumtuma hata mtoto dukani kwao asidhulumiwe. Cadbury wa chokoleti na benki ya Barclays vilianzishwa na watu wa jamii hiyo. Sisemi utakuwa Barclays, nasema waliishi.

Kuna aliyesema ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Wale watu hawawezi kusimama kwenye kila shamba kuanzia Makete mpaka Lushoto, na lori likikamatwa barabarani shangazi yangu ameshalipwa kiduchu chake zamani. Halafu hivi chumvi inasubirije mkaguzi?

Na yule aliyelalamika kwamba nawasema Wakristo tu wakati Waislamu nao wanafunga lumbesa. Ni kweli wanafunga. Rafiki yangu mmoja wa Tanga alinikumbusha kwamba kwao iko sura nzima, ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na alikuwa anawalaumu wenzake akiwa amekasirika kuliko mimi. Kila mtu na afagie kwake, mimi nimeanza kwetu.

Kinachonitatiza ni upande wa kanisa. Sadaka ya mavuno ikiletwa na mtu tunayemjua kabisa anavyonunua, tuipokee kimya? Kuna wanaosema mchungaji akiikataa atakuwa anahukumu, na mtu atahamia tu kanisa la jirani na bahasha yake, wengine wanasema kuipokea ni kuibariki lumbesa. Mimi naelekea kwamba ipokelewe ila jambo lisemwe madhabahuni waziwazi kwa jina lake, lumbesa, kama tunavyoutaja ulevi. Na kanisa linunue mizani, ile ya jukwaa, ikae hapo mkulima yeyote aje aazime bila kuulizwa dhehebu lake. Usharikani kwetu tuko kwenye mchango wa spika mpya, nikatoa hilo wazo la mizani kwenye kikao, nikaambiwa mambo ya sokoni tusiyalete kanisani.

Karibuni wakuu, hasa nyie mnaonunua na kusafirisha, mniambie ni wapi hesabu zangu zinagoma.